Elfu Mbili, Gawanya kwa Wanne

Ujumbe wa simu ni mfupi: shilingi 4,000 zimeingia. Ni malipo ya miezi miwili ya mpango wa Inua Jamii, elfu mbili kwa mwezi, kwa nyumba inayolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Kabla jua halijazama, habari imeshazunguka vijiji vya chini ya kilima cha Sagalla, karibu na mji wa Voi katika kaunti ya Taita Taveta: pesa zimetoka. Mwenye duka naye amesikia, na daftari lake la madeni liko wazi juu ya kaunta.

Tuchukue nyumba moja ya kupigia hesabu. Si ya mtu fulani, ila anayeifahamu Voi ataitambua: nyanya mmoja na wajukuu watatu. Mkubwa ana miaka 16 na anasoma sekondari ya kutwa. Wa pili ana miaka 10. Mdogo ana miaka mitatu. Elfu mbili ukizigawanya kwa siku 30 unapata shilingi 67 kwa siku. Hizo 67 ukizigawanya kwa watu wanne, kila mmoja hafikishi shilingi 17.

Habari za umaskini hutufikia zikiwa zimejumlishwa: mabilioni yaliyotengwa, maelfu ya nyumba zilizosajiliwa, asilimia ya taifa. Mtoto hali jumla. Yeye hula kinachobaki baada ya kugawanya, na kila hatua ya kugawanya ina kisa chake. Hesabu hizo zinaweza kufuatwa moja baada ya nyingine, kuanzia kaunti nzima hadi kwenye sufuria.

Kaunti ya katikati

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Taita Taveta. Kaunti ndogo ya Voi ilikuwa na 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Taita, yaani huko milimani Wundanyi, 55,959. Miaka mitatu kabla ya sensa hiyo, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilikuwa limekamilisha utafiti wa mapato na matumizi ya nyumba wa 2015/16. Utafiti huo uliiweka Taita Taveta kwenye asilimia 32.3 ya umaskini. Kiwango cha taifa kilikuwa 36.1.

Ukiishia hapo utasema afadhali. Utasema afadhali zaidi ukiwatazama majirani. Kwale ilikuwa 47.4, Kilifi 46.4, Kitui 47.5, Kajiado 40.7, Makueni 34.8 na Tana River 62.2. Kila kaunti inayopakana na Taita Taveta ilikuwa maskini kuliko yenyewe. Ni kama mwanafunzi wa wastani aliyeketi kati ya wanaoanguka: mwalimu hana habari naye.

Mwanafunzi wa aina hiyo hukosa mambo mengi. Mpango wa fedha za kukabili njaa katika kaunti kame ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Jaribio la kumlipa kila mtoto mchanga bila kuchuja maskini na tajiri lilifanywa Kajiado, Embu na Kisumu. Taita Taveta imo katika orodha ya kaunti 23 kame na nusu kame, na ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, haukuiruka. Lakini inapofika zamu ya kuchagua pa kuanzia, dhiki yake haitoshi kuifikisha mbele, wala neema yake haitoshi kuifanya ijitegemee.

Sasa igeuze ile asilimia iwe watu. Asilimia 32.3 ya watu 340,671 ni kama watu 110,000. Hiyo ni karibu sawa na kuchukua kaunti ndogo yote ya Voi, kuanzia mtaa wa Kaloleni hadi Kasigau, kuanzia mwenye hoteli ya barabarani hadi mtoto aliyezaliwa jana, na kuwaweka wote chini ya mstari wa umaskini. Asilimia inayoonekana ndogo kwenye ramani huwa umati ikikusanywa uwanjani.

Wastani huo pia unaficha yaliyomo ndani yake. Utafiti wa 2015/16 ulipanga kuzifikia nyumba 24,000 nchini. Gawanya kwa kaunti 47, na kila kaunti inabaki na nyumba kama 500. Nyumba 500 zinatosha kukadiria hali ya kaunti nzima. Hazitoshi kumtenganisha mkulima wa mboga wa Wundanyi na mfugaji wa Kasigau, wala kibarua wa mkonge wa Mwatate na mama muuza chai pale malori yanapolala Maungu. Kwa karatasi wote ni 32.3.

Ardhi nayo ina hesabu yake. Kaunti ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 17,084, na kwa hesabu hiyo kila kilomita ya mraba ina watu 20 tu. Inaonekana nchi pana yenye nafasi tele. Lakini asilimia 62 hivi ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Toa mbuga, zinabaki kilomita za mraba kama 6,500, na msongamano unaruka hadi watu 52. Bado hujatoa ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Mtu wa Taita anaposema hana mahali pa kulima, mgeni aliyeitazama nchi kupitia dirisha la treni ya SGR humshangaa. Mgeni ameona nchi, hajaona hatimiliki.

Mstari umechorwa wapi?

Tukirudi kwa nyanya, swali ni hili: je, nyumba yake ni maskini, na kwa kiasi gani?

Mwaka 2015/16 mstari wa umaskini ulichorwa kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mashambani, na 5,995 kwa mtu mzima wa mjini. Sehemu ya chakula peke yake ilikuwa 1,954 mashambani na 2,551 mjini. Watoto hawahesabiwi kama watu wazima. Kwa kipimo kinachotumiwa Kenya, aliyefikisha miaka 15 ni mtu mzima kamili. Wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65 ya mtu mzima. Wa chini ya miaka mitano ni 0.24, yaani hata robo hajafika.

Nyanya ni 1. Mjukuu wa miaka 16 ni 1. Wa miaka 10 ni 0.65, na mdogo ni 0.24. Jumla ni 2.89. Zidisha kwa 3,252 upate kiasi ambacho nyumba hii ilihitaji ili iguse mstari, bila kuupita: shilingi 9,398 kwa mwezi, kwa bei za 2015/16. Chakula peke yake kilitaka 5,647.

Elfu mbili zilikuwa asilimia 21 ya hitaji hilo. Si haba, zilikuwa sehemu ya tano.

Sasa mhamishe nyanya huyo huyo pamoja na wajukuu wake. Mtoe chini ya Sagalla umlete mjini Voi, kwenye chumba cha kupanga. Hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa, na ruzuku haijapungua senti. Lakini mstari wa mjini unaitaka nyumba yake ipate shilingi 17,326, na zile elfu mbili sasa ni asilimia 11.5 tu. Mwendo mfupi wa bodaboda umepunguza uzito wa msaada karibu nusu. Voi ni njia panda ya Mombasa, Nairobi na Taveta, na watu wanaendelea kuhamia humo kutafuta riziki. Ruzuku ya kiasi kimoja kwa nchi nzima haioni safari hiyo.

Mashambani nako kuna jambo ambalo mstari huo hauoni vizuri. Mahindi yanayotoka shambani mwa mtu huhesabiwa kama matumizi yake hata kama hakuyauza, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Lakini chini ya Sagalla mahindi yana mlaji mwingine. Ndovu wakiingia shambani wiki moja kabla ya mavuno, chakula cha miezi kadhaa kinatoweka kabla ya alfajiri. Nyumba iliyokuwa juu ya mstari Jumatatu huamka Jumanne ikiwa chini yake, na mtafiti aliyepita mwezi uliotangulia ameshaandika kuwa mambo ni mazuri.

Hapo hapo Sagalla ndipo watafiti wa shirika la Save the Elephants walipojaribu, pamoja na wakulima, ua wa mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Ndovu huwaogopa nyuki. Matokeo ya miaka kadhaa yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao mengi, ua huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Lakini ukame ukiwa mkali nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi ndovu. Kinga hiyo hulegea katika mwaka ule ule ambao nyumba inaihitaji kuliko miaka yote. Tofauti na mzinga, fedha taslimu hazitegemei mvua. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watafiti wa umaskini kuzipenda.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Tukitoka kwenye nyumba na kumtazama mtoto mwenyewe, namba huwa mbaya zaidi. Wakati umaskini wa taifa ulikuwa asilimia 36.1, umaskini wa watoto ulikaribia 42. Sababu ni rahisi: nyumba maskini huwa na watoto wengi kuliko nyumba zenye nafasi, kwa hiyo ukihesabu watoto badala ya nyumba, dhiki inajaa zaidi. KNBS ilipoacha kuuliza habari za fedha peke yake ikauliza kuhusu maji, choo, chakula, elimu, afya na makazi, iligundua kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Kenya walikosa mambo kadhaa ya msingi kwa pamoja.

Neno lenye uzito hapo ni kwa pamoja. Chukua maji. Mtu mmoja akitumia lita 20 kwa siku, kiasi ambacho kwa viwango vya afya ni cha chini kabisa, nyumba ya watu wanne inataka mitungi minne ya lita 20. Tuseme mtungi unauzwa shilingi 10: hiyo ni 40 kwa siku, na 1,200 kwa mwezi. Tuseme kiangazi kimekaza na mtungi umepanda hadi 20: ni 2,400 kwa mwezi. Ruzuku yote imekwisha kwenye maji na bado nyanya anadaiwa 400, kabla hajanunua hata kibiriti. Na haya ni maisha ya watu wanaokaa jirani na bomba linalotoa maji chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na kuyapeleka Mombasa tangu miaka ya 1950.

Kwa hiyo nyumba hailipi, bali inateka. Anayeteka ni mtoto wa miaka 10, na saa zake za kuteka hazionekani kwenye hesabu ya matumizi. Kwa karatasi nyumba imeokoa shilingi 1,200. Ukweli ni kwamba mtoto amezilipa kwa kuchelewa shule.

Kuna pia watoto ambao hesabu ya nyumba kwa nyumba haiwakuti kabisa, kwa kuwa hawana nyumba ya kukutwa. Aprili 2018 serikali ilifanya hesabu ya familia za mitaani nchini na kupata watu 46,639. Mji wa njia panda kama Voi, wenye stendi, stesheni na barabara kuu ya malori, una watoto wanaolala leo hapa na kesho kwingine. Mtafiti anayebisha hodi mlangoni hatawapata, maana hawana mlango.

Fedha zilijaribiwa, na zikafanya kazi

Mpango wa fedha kwa nyumba zenye mayatima ulianza 2004 kama jaribio dogo: nyumba 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi, shilingi 500 kila mwezi. Ilikuwa miaka ambayo Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya. Baadaye malipo yakapanda hadi 1,500, na kuanzia 2007 watafiti wakaufuatilia mpango katika wilaya saba, wakilinganisha nyumba zilizolipwa na zile ambazo zamu yao ilikuwa haijafika.

Wengi waliogopa kwamba fedha za bure zingenywewa. Waliyoyakuta watafiti ni mengine. Nyumba zililipwa zikaongeza chakula na matumizi ya afya. Uandikishaji wa sekondari ulipanda kwa karibu pointi 8 za asilimia. Vijana wa nyumba zilizolipwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanza ngono mapema, kwa asilimia 31, ingawa hakuna aliyewapa semina ya maadili. Mimba za wasichana nazo zilipungua. Msichana ambaye nyumbani kuna unga hahitaji kumsikiliza dereva wa lori anayemwahidi nauli na sabuni. Maungu wanalijua hilo bila utafiti. Utafiti uliliwekea namba.

Ushahidi mkubwa zaidi umetoka Siaya. Huko, katika vijiji 653, nyumba maskini zaidi ya 10,000 zilipewa dola takriban 1,000 kila moja na shirika la GiveDirectly, huku wanauchumi wakifuatilia. Faida iliwafikia hata majirani ambao hawakupewa kitu: kila dola moja ilizunguka na kuzaa shughuli za karibu dola mbili na nusu. Mwaka 2025 watafiti hao walitoa matokeo mengine: vifo vya watoto wachanga wasiofikisha mwaka vilishuka kwa asilimia 48 hivi katika nyumba zilizopokea. Si dawa mpya wala chanjo. Ni mama kuweza kupumzika kabla ya kujifungua na kulipa nauli ya kwenda kujifungulia hospitalini.

Hata hivyo lipo sharti, na ndilo husahaulika matokeo haya yanaposifiwa majukwaani. Watafiti waliolinganisha mipango ya namna hii katika nchi nyingi za Afrika waliona kwamba mabadiliko makubwa hutokea ruzuku inapofika kama sehemu ya tano ya matumizi ya nyumba, na inapolipwa kwa wakati. Ikipungua hapo, nyumba inapumua kidogo lakini haibadiliki. Kibaba kimoja kinapandwa, cha pili kinaliwa. Ukileta kimoja tu, kitaliwa.

Kinachozila zile elfu mbili

Kigawanyo cha kwanza ni bei. Elfu mbili ziliwekwa katika mwaka wa fedha 2011/12. Hazijaguswa tangu hapo, lakini bei zimeguswa kila mwaka. Ukiunganisha mfumuko wa bei wa kila mwaka kuanzia 2012 hadi 2024, bei zimepanda zaidi ya mara mbili. Ili nyanya anunue mwaka 2024 kile alichonunua kwa elfu mbili za 2011, alihitaji takriban shilingi 4,500. Au ugeuze upande wa pili: elfu mbili za leo zina nguvu ya chini ya 900 za wakati ule. Hakuna waziri aliyesimama kutangaza kuwa amepunguza fedha za mayatima kwa zaidi ya nusu. Zimepunguzwa kwa kunyamaziwa.

Unga unalionyesha jambo hilo bila fomula. Katikati ya 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200, kiasi cha serikali kulazimika kuilipia nusu ili iuzwe 100 kwa wiki chache kabla ya uchaguzi. Kwa bei ya 200, ruzuku ya mwezi mzima ni pakiti 10. Nyumba ya watu wanne wanaokula ugali mara mbili kwa siku inazimaliza kabla ya wiki ya tatu, na ugali huo bado hauna sukuma wiki wala chumvi.

Rudia ile hesabu ya mstari kwa bei za 2024. Nyumba ya nyanya chini ya Sagalla ilihitaji kama 15,000 kwa mwezi, na elfu mbili zikawa asilimia 13. Mjini Voi ilihitaji kama 28,000, na zikawa asilimia 7. Mstari wa umaskini si kitu kimoja na matumizi halisi ya maskini, ambayo huwa chini yake, kwa hiyo usizichukue asilimia hizi kama zile za watafiti. Lakini mwelekeo hauna utata. Dozi iliyoponya kwenye utafiti siyo dozi inayotolewa leo. Chupa ina jina lile lile, dawa imetiwa maji.

Kigawanyo cha pili ni idadi ya watoto. Ruzuku hulipwa kwa nyumba. Nyumba yenye yatima mmoja inapata elfu mbili, na yenye watano inapata elfu mbili. Kwa mmoja ni shilingi 67 kwa siku, kwa watano ni 13. Nyanya anayewakusanya watoto wa marehemu dada yake, kama mila zetu zinavyomtaka, anaadhibiwa kwa wema wake: kila anayempokea anapunguza fungu la waliotangulia.

Cha tatu ni muda. Malipo yakikawia miezi miwili, mitatu, nyumba haikawii kula. Inakopa. Tuseme mwenye duka anaongeza shilingi 10 kwa kila pakiti ya unga ya mkopo, naye ana haki, maana mtaji wake umelala kwako. Kwa pakiti 20 za miezi miwili ni shilingi 200, na nauli ya bodaboda ya kufuata malipo mjini tuseme 300 kwenda na kurudi. Kati ya zile 4,000 zimebaki 3,500. Na hapo mashine ya kusoma alama za vidole imekubali vidole vya nyanya mara ya kwanza, jambo ambalo vidole vilivyolima miaka 50 havimhakikishii. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utamkuta mwana si wako. Walisema kwa fumbo. Hapa mwana huwa kweli ameshaondoka: kaenda kuchoma makaa au kushika ng'ombe wa mtu.

Shule nayo haijangoja. Msingi imekuwa bila karo tangu Januari 2003, na sekondari ya kutwa ilipangiwa fedha za serikali za shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Bado sare, viatu, chakula cha mchana na vitabu vya ziada ni vya mzazi. Yule wa miaka 16 angekuwa ameitwa shule ya bweni ya kiwango cha kaunti, karo rasmi ingekuwa 40,535 kwa mwaka. Ruzuku ya nyumba nzima kwa mwaka ni 24,000. Hata wakiamua wote wanne wasile, bado angerudishwa nyumbani kufuata 16,535. Hapo ndipo nyanya huanza mzunguko wa fomu za basari: ofisi ya eneo bunge, ofisi ya wadi, kanisani.

Bili ya kaunti nzima

Ingegharimu kiasi gani kumgawia kila mtoto fungu lake badala ya nyumba? Jaribio la Kajiado, Embu na Kisumu lililipa shilingi 800 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tulipeleke Taita Taveta kwa makadirio ya kalamu na karatasi.

Tuseme watoto wa umri huo ni 7 katika kila watu 100. Hao ni kama 24,000. Mara 800, mara miezi 12: shilingi milioni 230 kwa mwaka.

Tukitaka kuwafikia watoto maskini wa umri wote, tuseme watoto ni wanne katika kila watu kumi, na tutumie ile asilimia 32.3. Tunapata kama 44,000. Gharama ni milioni 422 kwa mwaka, bila kuhesabu usajili na malipo ya mawakala.

Milioni 422 ni nyingi au chache? Kwa mwaka wa fedha 2021/22 mgao wa Taita Taveta kutoka Hazina ya taifa ulikuwa shilingi bilioni 4.84, sawa na 14,213 kwa kila mkazi. Bili ya watoto wachanga ni asilimia 4.8 ya mgao huo. Bili ya watoto wote maskini ni asilimia 8.7. Kaunti peke yake haiwezi kuibeba, maana mishahara na hospitali zina zamu yao kwanza, na ruzuku hizi zimezoeleka kuwa kazi ya serikali kuu. Lakini si bili ya kuanguka chini kwa mshtuko. Ni shilingi 1,240 kwa mwaka kwa kila mkazi wa kaunti, yaani pakiti sita za unga wa 2022.

Wala fedha hizo hazifi zikifika. Wanauchumi walioupima mpango wa mayatima walikadiria kwamba kila shilingi moja iliyolipwa ilizaa kipato cha shilingi 1.34 katika vijiji vya Nyanza, na 1.81 Garissa. Ukitoa kupanda kwa bei faida inapungua, ila inabaki. Nyanya hapeleki fedha zake benki ya ng'ambo. Anampa mwenye duka, naye anampa muuza mahindi wa Taveta, huyo naye anamlipa kibarua. Milioni 422 zikizunguka kwa kiwango cha Nyanza ni kipato cha kama milioni 566, katika masoko ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Yapo mambo matatu ambayo hayasubiri bajeti mpya kubwa. La kwanza ni kuifunga ruzuku kwenye mfumuko wa bei, ili isiendelee kuyeyuka kimyakimya. La pili ni kuhesabu watoto badala ya milango. La tatu ni tarehe: siku moja ya mwezi inayojulikana, ambayo hata mwenye duka anaweza kuitegemea anapokopesha. Hilo la tatu halihitaji kuongeza senti kwenye ruzuku, na ndilo lingerudisha zile 200 za daftari.

Yule mjukuu mdogo, anayehesabiwa kuwa 0.24 ya mtu mzima, ana miaka mitatu. Mbele yake yupo mtoto aliyezaliwa Voi mwaka ambao elfu mbili ziliwekwa, 2011, ambaye atatimiza miaka 18 mwaka 2029. Alipozaliwa, elfu mbili zilikuwa elfu mbili. Alipoanza darasa la kwanza zilikuwa zimeshapungua, na akiwa sekondari hazifiki nusu. Kila alivyokua, kipimo kilimwongezea uzito, kutoka 0.24 hadi 0.65 hadi 1, na ruzuku ikazidi kuwa nyepesi. Mwaka 2029 atatoka kwenye hesabu kwa kuwa hana tena utoto wa kulindwa, na kama nyumbani mwao kuna nyanya wa wajukuu watatu kama wetu, nyanya huyo atabaki na wawili wa kugawanyia.